Kutafuta Mahali Penye Watu Wachache

Kila mwaka, ifikapo Desemba, baridi ya Ulaya huwafanya watu wengi wafunge mizigo yao na kulifuata jua. Walio wengi huenda walikokwenda wenzao, na huko huyakuta yale yale waliyoyakimbia: msongamano, kelele, na kungojea zamu ya kula. Wachache husema, "Sisi tutatafuta pwani isiyojaa watu." Baadhi ya hao hufika Lamu, na pamoja nao huja wananchi wenzetu wa Nairobi wanaoikwepa Mombasa na Diani wakati wa sikukuu. Nataka tuulizane, msomaji, wewe na mimi, kama uchaguzi huo ni jambo la kupenda tu, au mna haki na dhuluma ndani yake.

Kwa nje dhuluma haionekani. Mtu ana fedha zake na siku zake za mapumziko. Akipenda kutembea katika ufuo mrefu wa Shela badala ya kubanana na wenziwe kwingineko, amdhuru nani? Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nahodha wa mashua, mpishi, fundi wa kuchonga milango, mwenye punda wa kuchukulia mizigo, wote hao hupata riziki kwa mgeni. Hoja hii ni nzito, na siwapendi wanaoidharau ilhali wao, kama mimi, hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi.

Lakini litazame vema neno hilo "wachache". Mahali hapawi na watu wachache pasipo sababu, na sababu hazifanani.

Vuka mkondo wa bahari uende kisiwa cha Manda, utayaona magofu ya Takwa, mji uliostawi katika karne ya 16 ukahamwa katika karne iliyofuata. Hapana mahali patulivu zaidi. Yasemekana kwamba sababu mojawapo ya kuhamwa kwake ni visima kuingia chumvi, na watu wa Shela hata leo huwahesabu watu wa Takwa kuwa wahenga wao. Shela yenyewe huishi kwa maji yaliyo chini ya vilima vyake vya mchanga. Mvua inyeshapo, mchanga huinywa, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyotoka baharini. Maji hayo hunywewa hata katika mji wa Lamu. Yakichotwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Vilima vikijengwa majumba, mvua hukosa pa kuingilia. Basi katika kisiwa cha namna hii, uchache wa watu si pambo la kumfurahisha mgeni. Ni kipimo cha kisima.

Upo uchache wa namna nyingine. Katika Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, katika bara ya Lamu. Serikali za kigeni ziliwaonya raia wao wasiende huko, amri ya kutotoka usiku ikatangazwa, wafanyakazi wa hoteli wakarudi makwao, na mashua zikakaa bila abiria. Mtafuta utulivu angeupata siku zile kwa wingi, lakini ulikuwa utulivu wa msiba. Mgeni aliyerudi hofu ilipopungua, akakodi mashua na kununua samaki, alitenda wema ambao huenda hata hakuukusudia.

Tena, ni nani wanaohesabiwa katika uchache huo? Mgeni akisema, "Kule hakuna watu," maana yake ni kwamba hakuna wageni kama yeye. Watu wapo. Wanaswali, wanaoana, wanagombana, wanasomesha watoto katika vichochoro ambamo punda na mtu hupishana kwa shida. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wanaoutunza urithi huo kila siku ni hao wasiohesabiwa.

Lamu haikuwa ngeni kwa wageni. Kwa karne nyingi kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na mabaharia wake walilazimika kungojea kusi ili warudi. Katika miezi hiyo walijifunza lugha, wakakopa na kulipa, na wengine wakaoa. Wazee waliosema mgeni apokewe walisema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa ndege inayotua Manda hangojei upepo. Hukaa juma moja, akaondoka bila kulishika jembe. Na wapo walionunua nyumba za Shela ambazo hufungwa sehemu kubwa ya mwaka.

Hapana mmoja kati yao aliyeijaza pwani peke yake. Mwezi Aprili 2024 Venezia ilianza kuwatoza wageni wa kutwa yuro 5, na Julai ya mwaka huo wenyeji wa Barcelona waliwarushia watalii maji barabarani. Miji ile haikujaa kwa siku moja. Walifika mmoja mmoja, na kila mmoja alijiona kuwa ni mmoja tu.

Kwa hiyo naona kwamba anayechagua mahali penye watu wachache yampasa aulize uchache ule watoka wapi. Ukitoka katika hofu iliyokwisha, na aende. Ukitoka katika udogo wa kisima, na aende akijua anakunywa maji ya nani, au achague kwingine. Utaniuliza, nani atakayemjibu? Nahodha atamwambia waje wengi zaidi. Mzee anayeijua ladha ya maji ya kisima chake tangu utotoni atamwambia wametosha. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa, na shauri hilo ni lao kuamua. Mgeni hana kura katika baraza lile, ingawa ndiye anayezungumzwa.