Elimu ya Watu Wazima: Hisani au Deni?

Je, kumfundisha mtu mzima kusoma, kuandika na kuhesabu ni hisani, au ni deni? Tofauti si ndogo. Hisani hutolewa apendapo mtoaji. Deni halina budi kulipwa, hata kama mdai yu kimya.

Nchi yetu ya Tanzania iliwahi kulijibu swali hili kwa vitendo. Mwaka 1964, alipoeleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alisema ya kwamba yapasa kuanza na watu wazima, kwa kuwa matunda ya kuwasomesha watoto yatachelewa. Mwaka 1970 ukafanywa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wasiojua kusoma, waliokuwa kama theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, walihesabiwa na Serikali kuwa chini ya kumi katika kila mia mwaka 1986. Baadaye fedha zikapungua, na madarasa mengi yakafifia. Tena, aliyejifunza asipopata kitabu wala gazeti husahau.

Labda mtu atasema: "Fedha ni chache, tuwasomeshe watoto kwanza." Neno hili lasikika kuwa la busara, walakini lina kasoro. Mtu mzima ndiye atiaye dole gumba leo juu ya karatasi ya mkopo asiyoweza kuisoma. Ndiye apelekaye pamba mizanini, asiweze kuhakikisha kilo wala shilingi. Ndiye ampaye jirani simu yake pamoja na namba ya siri ili amtolee fedha. Watoto wake watashiba au watalala njaa kwa hesabu hiyo ya leo, wala si kwa ile watakayoijua miaka kumi ijayo. Amwachaye mzazi gizani amemwacha na mtoto pia.

Zaidi ya hayo, mzazi huyo hulipa kodi kila anunuapo sabuni, na kwa kodi hiyo zajengwa shule ambazo yeye hakuketi ndani yake. Kumwambia kwamba wakati wake umepita ni kukana deni.

Basi, sera ya elimu isiyotenga fedha kwa mwalimu wa watu wazima na kwa vitabu vya kusoma baada ya darasa haijatimiza haki. Nasi majumbani tusiingoje Serikali peke yake: ajuaye amfundishe asiyejua, pasipo kumwaibisha.