Spana Namba 14

Masomo: Hesabu 4:29–33; Luka 15:8–10

Jumatatu iliyopita gari langu lilianza kulia. Kila nikiliwasha, mkanda wa alternata ulipiga kelele hadi majirani wakachungulia dirishani. Kwa kuwa Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko, nikalishusha polepole hadi kwa mzee mmoja wa usharika wetu, dereva mstaafu. Nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba, amejenga banda la gari ambalo huku mlimani sijaona la kulifananisha nalo.

Ndani ya banda hilo limo gari aina ya Peugeot 404, jeupe, aliloachiwa na tajiri wake wa zamani. Vijana wa leo hawalijui. Lilianza kutengenezwa mwaka 1960, injini yake imelazwa upande kana kwamba imechoka, lakini kuchoka halikujua. Katika mashindano ya Safari, yaliyokuwa yakikimbizwa wakati wa Pasaka kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, Bert Shankland, mkazi wa hapa kwetu Tanzania, alishinda nalo mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967. Mzee hupenda kunichokoza kwamba miaka ile vijana walitoroka ibada ya Pasaka kabla ya matangazo, wawahi barabarani kula vumbi. Nikimuuliza kama na yeye alikuwemo, hunijibu kwa kufungua boneti.

Banda lenyewe si la kitajiri. Ni matofali ya saruji na bati, urefu mita 6, upana mita 4. Gari lina urefu wa karibu mita 4 na nusu, lakini Mzee husema fundi naye ni mtu: sharti mlango wa gari ufunguke wote, na mtu aweze kupita amebeba tairi. Sakafu ya zege ina mteremko mdogo kuelekea mlangoni ili maji yasituame. Taa ni mbili, moja kila upande. Taa moja ya katikati haifai, kwa maelezo yake, kwa sababu ukiinamia injini kivuli chako mwenyewe ndicho kinachokuziba. Mtungi wa kuzimia moto unaning'inia karibu na mlango, ili anayeukimbilia awe anaelekea nje, asiwe anajizika ndani. Matambara yenye mafuta yana pipa lao la chuma lenye kifuniko. Oili chafu ina dumu lake, wala haimwagwi mferejini, kwa kuwa mfereji ule unanywesha migomba ya watu.

Kijana yeyote anayetaka kujifunza humo hufundishwa mambo mawili kabla hajagusa spana. La kwanza: jeki ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia. Gari likishainuliwa huwekewa stendi za chuma, na hakuna anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. La pili: injini haiwashwi mlango ukiwa umefungwa, maana katika moshi wa gari imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu akidhani ana usingizi tu.

Lakini roho ya banda ni ukuta wa nyuma, juu ya meza ya kazi. Amepigilia ubao mpana, na kwenye ubao misumari, na kwenye misumari zana zake zote: spana kuanzia namba 8 hadi namba 24, bisibisi, koleo, nyundo tatu, msumeno wa chuma. Kuzunguka kila zana amechora umbo lake kwa rangi nyekundu ya mafuta. Chini yake yamepangwa makopo ya Blue Band yenye nati, bolti na washa, kila moja likiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono ulioshika usukani miaka 40: nati za magurudumu, bolti za bampa, vibanio vya bomba za maji.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, fimbo ameiegemeza kwenye goti.

"Karibu, Mchungaji. Leo umenikumbuka."

Nikacheka, nikamweleza habari za mkanda. Akaniambia nifungue boneti, niubonyeze kwa kidole gumba, katikati, baina ya magurudumu yake mawili. Ukazama kama godoro la zamani.

"Ukizama sana hivyo, umelegea. Unatakiwa usogee kama sentimita moja tu. Legeza bolti ya alternata, ivute kwa nje, kaza tena. Chukua namba 14."

Nikaenda ukutani. Namba 13 ipo. Namba 15 ipo. Katikati yao palikuwa na umbo jekundu la spana, na ndani ya umbo hilo, ubao mtupu.

"Mzee, namba 14 haipo."

"Iko kwako."

"Kwangu mimi?"

"Uliichukua wiki ya pili ya Kwaresima, ulipotaka kumwaga oili."

Masikio yakaniwaka moto. Nikamuuliza mbona hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Kila jioni nikifunga banda napaangalia pale. Nilijua iliko. Kitu unachojua kiliko hakijapotea, Mchungaji."

Kisha akanyamaza kidogo, akiitazama fimbo yake. Ndipo nikaiona fimbo. Aliteleza kwenye ngazi za jikoni siku ya mvua, nyonga ikaumia. Jumapili 5 hajaja kanisani. Jumapili 5! Na mimi kila siku napita na gari langu kwenye njia ya nyumbani kwake. Sikwenda kule kwa sababu nilimkosa ibadani. Nilikwenda kwa sababu mkanda wangu ulikuwa unalia.

Ukuta wa mzee yule ulijua kwamba spana moja haipo, ukajua ni namba ngapi, ukajua na nani aliyeichukua. Usharika wangu haukujua kwamba mzee wake hayupo.

Ndugu zangu, wengi wetu tukisoma kitabu cha Hesabu huruka sura ya 4. Tunaona orodha, tunaona majina magumu, tunafungua Zaburi. Safari hii nawaomba mkae hapo kidogo. Hema ya kukutania ilipohamishwa jangwani, kila ukoo wa Walawi ulipewa mzigo wake. Wana wa Kohathi walibeba vitu vitakatifu, sanduku la agano likiwamo, mzigo wa heshima. Wana wa Gershoni walibeba mapazia. Wana wa Merari walipewa mbao, mataruma, nguzo na vikalio, pamoja na vigingi na kamba. Watu 3,200, wenye umri wa miaka 30 hadi 50, kazi yao ni mbao na vigingi. Mzigo wao ulikuwa mzito kiasi kwamba, magari 6 ya kukokotwa na ng'ombe yalipotolewa na wakuu wa makabila, wao walipewa 4, na wana wa Gershoni 2. Wana wa Kohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa vitu vitakatifu vilibebwa mabegani.

Sasa angalieni jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuliona hadi wiki hii. Agizo la kuhesabiwa vitu kwa majina halikutolewa kwa wale waliobeba sanduku. Lilitolewa kwa waliobeba vigingi. Na tukifikiri, ndivyo inavyopaswa kuwa. Sanduku la agano likikosekana, taifa zima litalia siku hiyohiyo. Kigingi kikibaki mchangani hakuna atakayejua. Mtajua siku mtakapofika kambi mpya, jua linazama, upepo unavuma, na upande mmoja wa ua wa hema umelala chini. Kitu kikubwa hujitangaza chenyewe. Kitu kidogo kinahitaji mtu wa kukitaja.

Ndiyo sababu ya ile rangi nyekundu. Zamani nilidhani Mzee ameichora kwa ajili ya urembo, au kwa ule ukali wa wazee wastaafu. Sivyo. Zana zikirundikwa ndani ya gunia, kama nilivyofanya mimi katika stoo yangu, huwezi kujua nini kimepungua mpaka siku ya shida. Gunia likipungua spana moja bado ni gunia. Ukuta ukipungua spana moja, kila anayeingia anaona. Mpangilio mwema haukuonyeshi tu ulicho nacho. Unakuonyesha pia usicho nacho.

Basi tusome na Luka 15. Yule mwanamke mwenye shilingi 10 aliyepotewa na moja tumehubiri habari zake mara nyingi, tukataja furaha yake na majirani aliowaita. Lakini furaha ile ilitanguliwa na kazi, nayo ni kazi ya bandani: aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii. Na kabla ya taa na ufagio kulikuwa na jambo lililotangulia yote: alikuwa amehesabu. Asingehesabu, angebaki na shilingi 9 huku akisema fedha zangu zipo. Hata mchungaji wa kondoo 100, kabla hajawaacha wale 99 nyikani, alijua kwamba mmoja hayupo. Upendo wake ulikuwa na hesabu ndani yake.

Sisi tuna tabia ya kutenganisha hayo mawili. Tunasema upendo ni wa moyoni, hesabu ni ya ofisini. Mchungaji anayependa watu husifiwa, na karani anayeandika mahudhurio huonekana msumbufu. Wiki hii nimejifunza kwamba nilikuwa na upendo wa gunia. Nawapenda wote kwa jumla, nawaombea wote kwa jumla, nikisimama madhabahuni naona kanisa limejaa, moyo unaridhika. Kanisa kujaa ndiko kulikonidanganya. Mtu mmoja akikosekana katika benchi, wengine husogea kidogo, na pengo linazibika kabla ya wimbo wa pili.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Yapo mabanda yaliyopangwa kama duka la dhahabu, na mwenyewe hamruhusu hata mwanawe kugusa bisibisi. Hapo zana zimegeuka sanamu, na utaratibu ni ubahili uliopakwa rangi. Mzee wetu hayuko hivyo. Zana zake zinaazimwa na mtaa mzima. Kilichonigusa ni kwamba aliniazima spana na kuiacha nafasi yake wazi. Hakununua nyingine kuziba umbo lile, wala hakunisema kwa watu. Kila jioni alipatazama, akangoja. Hivyo ndivyo Mungu anavyotungoja, na hivyo ndivyo inavyotupasa kuwangoja wenzetu waliokwenda mbali: nafasi yao ijulikane, isipewe mtu mwingine, isifutwe.

Nawaachia mambo matatu ya kufanya wiki hii.

La kwanza ni la nyumbani. Kama una banda, stoo au hata boksi moja la zana chini ya kitanda, lifungue. Washa taa, fagia, hesabu. Vilivyo vya watu virudishe kabla ya Jumapili, na ukivirudisha omba radhi. Usitume mtoto.

La pili ni la familia. Jioni moja, kabla ya sala, tajeni kwa majina ndugu ambao hamjasikia sauti zao mwaka huu. Msiseme "na wote walio mbali". Semeni majina, kama vigingi vya wana wa Merari, kisha mmoja wenu apige simu.

La tatu ni letu wazee wa kanisa na mimi. Kila mtaa una daftari la washarika. Tumelitumia sana kwa ahadi za sadaka, na jina lisilotoa tumeliona upesi. Kuanzia Jumapili hii tutalisoma tukitafuta jina lisiloonekana ibadani. Asiyeonekana Jumapili mbili atembelewe kabla ya ya tatu, na anayekwenda asiende na bahasha.

Jioni ile nilirudi nyumbani, nikamwaga gunia langu sakafuni. Spana namba 14 ilikuwa chini kabisa, imeanza kushika kutu kwenye meno. Niliisugua kwa mafuta ya taa, nikairudisha, nikaitundika mwenyewe kwenye msumari wake. Ilikaa ndani ya rangi nyekundu barabara. Siku ya pili nilirudi tena, safari hii bila shida ya gari, nikampelekea Mzee Chakula cha Bwana. Tulikila bandani kwa ombi lake, mkate na kikombe vikiwa juu ya meza ya kazi, kando ya jiliwa.

Spana imerudi mahali pake. Mzee bado, nyonga haijapona, na nafasi yake ni benchi la tatu upande wa kulia, karibu na dirisha. Jumapili ijayo msisogee kuiziba. Na mkipita njia ya kwake, ingieni mkamsalimu.