Fidia Ni Deni

Mwaka 2021, wasambazaji wakubwa watatu wa dawa nchini Marekani pamoja na Johnson & Johnson walikubali kulipa hadi dola bilioni 26 kumaliza kesi za dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Sehemu ya fedha hizo huenda kwa serikali za mitaa. Wapo wanaouliza: mraibu wa dawa hizo alijitakia, kwa nini jamaa zake wasaidiwe kwa fedha hizo? Wanasahau kwamba wengi walianza kwa cheti cha daktari. Na hata tukikubali kosa lao, mtoto aliyefiwa na mama hakumeza kidonge, wala bibi anayemlea. Fidia ni haki ya aliyedhurika, asiibembeleze kama sadaka. Diwani anayepanga bajeti ya fedha hizo awatangulize walezi kama bibi huyo, magari ya polisi yasubiri.