MILANGO YA ELIMU NA MABINTI ZETU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na kalamu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, wake kwa waume.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, kila yanapotoka matokeo ya mtihani wa skuli za upili, husikika katika mitaa yetu neno ambalo yatupasa tulipime kwa mizani ya dini. Neno lenyewe ni "yamtosha". Kijana mwanamume akifaulu, baba humtafutia njia ya kwenda Chuo Kikuu hata kwa kukopa. Dada yake akifaulu kuliko yeye, huambiwa kuwa aliyoyasoma yamtosha. Na akibahatika kuruhusiwa kuendelea, huonyeshwa milango miwili tu: awe mwalimu wa watoto wadogo, au awe muuguzi. Kazi hizo ni tukufu, wala hatumdharau azifanyaye. Lakini ni nani aliyetwambia kuwa milango ni miwili?

Wako wanaosema kuwa hiyo ndiyo dini. Sisi twasema kuwa hiyo ni ada, na ada haiwi dini mpaka iletewe dalili. Dalili tulizonazo ni kinyume cha ada hiyo.

Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu ni kusoma, wala haikusemwa kuwa ni ya wanaume peke yao. Wanawake wa Madina walipoona kuwa wanaume wamewazidi katika kukaa na Mtume, walimwomba awatengee siku yao, naye akawatengea, akawafundisha. Bibi Hafsa, mke wa Mtume, alifundishwa kuandika na mwanamke mwenziwe, Shifa binti Abdullah. Na Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao.

Na huyo Bibi Aisha mwenyewe alikuwa nani? Wengi wetu twamjua kuwa ni mpokezi wa Hadithi, nazo ni zaidi ya 2,000. Lakini yeye hakuwa mtu wa kupokea na kupeleka tu. Alikuwa mtafiti. Kutafiti maana yake ni kulichukua neno, kulitafutia ushahidi, kisha kulikubali au kulikataa kwa ushahidi huo. Alipoambiwa kuwa mwanamke akipita mbele ya mwenye kusali huikata sala, kama ikatwavyo na mbwa na punda, hakunyamaza kwa kuwa wasemaji ni wanaume. Alieleza aliyoyaona kwa macho yake: kwamba Mtume alikuwa akisali, naye amelala mbele yake. Masahihisho yake ya namna hii yalikuwa mengi hata Imamu Zarkashi, aliyefariki mwaka 794 wa Hijra, akayakusanya katika kitabu kizima.

Waliomfuata walifanya kazi za elimu za kila namna. Ummu Dardaa mdogo alisomesha Damascus, na Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alikuwa akihudhuria darasa lake. Karima al-Marwaziyya, aliyefariki Makka mwaka 463 wa Hijra, alikuwa bingwa wa Sahihi ya Bukhari. Alikuwa mkali wa kulinganisha nakala na nakala ili herufi isipotee. Al-Khatib al-Baghdadi, imamu mkubwa wa Hadithi, alimsomea kitabu hicho wala hakuona aibu. Fatima binti wa Samarqandi alikuwa mwanasheria wa madhehebu ya Hanafi. Fatwa zilitoka nyumbani kwao zikiwa na saini yake pamoja na ya baba yake, na alipoolewa na mwanachuoni Kasani, ikaongezwa ya mumewe. Na huko Sokoto, Afrika ya Magharibi, Nana Asma'u (1793–1864) aliandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, akawafunza wanawake walioingia vijijini kuwasomesha wenzao.

Basi angalieni: mmoja mwalimu wa darasa, mmoja mhakiki wa nakala, mmoja mtoaji wa fatwa, mmoja mwandishi na mkufunzi wa walimu. Mti mmoja, matawi mbalimbali.

Wala tusidhani kuwa mti huo ulikauka. Mwaka 1913 alizaliwa Misri, katika mji wa Dimyat, Aisha Abdul-Rahman, aliyejulikana kwa jina la Bint al-Shati. Baba yake alikuwa mwanachuoni, naye hakupenda binti yake aende skuli. Mama yake ndiye aliyemsaidia. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1950, akawa profesa Chuo Kikuu cha Ain Shams, akasomesha hata Qarawiyyin, Moroko. Alihakiki maandishi ya kale, akaandika juu ya wanawake wa nyumba ya Mtume, na akafasiri Kurani kwa kuchunguza neno moja moja jinsi lilivyotumika ndani ya Kurani yenyewe. Alifariki mwaka 1998.

Huko Jordan, Rana Dajani ni profesa wa elimu ya chembe za uhai. Amechunguza maradhi yanayorithiwa katika koo za Wacherkesi na Wachechnya waliohamia nchi hiyo. Mwanamke huyo huyo mwaka 2006 alikaa msikitini katika mtaa wake mjini Amman akawasomea watoto vitabu, na kazi hiyo imeenea nchi nyingi. Maryam Mirzakhani wa Iran alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, iliyo tukufu kabisa katika hisabati, mwaka 2014. Alifariki mwaka 2017 angali kijana. Na jirani zetu wa Dar es Salaam wanamjua Profesa Saida Yahya-Othman, mwanaisimu wa Chuo Kikuu chao, ambaye pamoja na wenziwe wawili alitoa mwaka 2020 tarehe ya maisha ya Mwalimu Nyerere katika juzuu tatu.

Sasa twaulizwa: je, sisi wa pwani tuna haja gani na kazi hizi? Haja tunayo, tena kubwa. Katika nyumba za Lamu na Mombasa yamo masanduku yenye tendi na barua na vitabu vya wazee wetu, vilivyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Vingine vimeliwa na mchwa, na vingine viko London, katika maktaba za vyuo vikuu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa wasia zaidi ya miaka 150 iliyopita. Ni nani atakayeyasoma na kuyahakiki maandishi haya kama si binti aliyesoma chuoni herufi hizo tangu utotoni, na Kiswahili ndicho alichonyonya kwa mama yake? Mgeni hutumia miaka mingi kuzipata zana hizi mbili. Binti yetu anazo mikononi, nasi twamwambia yamtosha.

Na vivyo hivyo katika elimu nyinginezo. Maradhi ya wanawake yachunguzwe na nani, ikiwa mgonjwa huona haya kumweleza mwanamume? Hali ya wajane na mirathi yao itaandikwa na nani kwa ukweli, ikiwa mwulizaji haingii uani?

Twazijua hoja za wanaopinga. Husema kuwa vyuoni kuna mchanganyiko, na msichana huharibika. Jawabu yetu ni kuwa adabu ya macho na mwenendo imeamrishwa waumini wanaume na waumini wanawake. Kama twachelea mahali, tupatengeneze: tujenge mabweni ya wasichana wetu, tuwapeleke wawili watatu pamoja. Wala si lazima kwenda mbali. Tangu mwaka 2013 pana vyuo vikuu kamili Kilifi na Mombasa.

Husema tena kuwa nyumba itakosa mwenyewe. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani; akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka akaenda kusali. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona unyonge kuwasaidia wakeze, mume wa leo ana udhuru gani?

Husema mwisho kuwa elimu humtia mwanamke kiburi. Kiburi ni maradhi ya moyo, na wanaume waliosoma wenye maradhi hayo twawaona. Hatujasikia mtu akimtoa mwanawe wa kiume chuoni kwa ajili hiyo.

Liko na jambo la haki. Marehemu Wangari Maathai, ambaye mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata udaktari wa falsafa, alisomesha elimu ya viungo vya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi; hata hivyo ilimbidi yeye na mwenziwe wapigane ili wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume. Hakuwa wa dini yetu, lakini kuwapunja watu haki zao ni jambo alilolikataza Nabii Shuaibu kwa watu wake. Na sisi tujitazame: mwalimu mwanamke wa madrasa zetu hulipwa nini, na mwalimu mwanamume hulipwa nini?

Basi, ndugu zetu, twaomba mambo matatu. Baba mwenye binti aliyefaulu asimwoze kwa haraka kabla ya kumwuliza moyo wake wataka kusoma nini, na asishtuke akijibu bahari, au nyota, au maandishi ya kale. Wazee wa misikiti waweke fungu katika sadaka na mapato ya wakf kwa ajili ya wanafunzi, na wasichana wapate sehemu yao. Na dada zetu walio tayari katika vyuo na maabara waitwe katika madrasa zetu wawaeleze wadogo zao kazi zao, wala wasitazamwe kama waliopotea.

Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya amana tulizopewa. Akili ya binti ni amana. Mwenye kuifukia asidhani kuwa ameihifadhi.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu sisi na vizazi vyetu, waume kwa wake, na utujaalie elimu yenye manufaa. Amin.