Aliyepungukiwa na Adabu

Juma hili, kwenye foleni ya maji hapa Banissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, mbele ya boza lililongojwa tangu alfajiri, kijana mmoja wa mkokoteni wa punda alipenya na madumu yake akamtangulia ajuza aliyekwisha kuinama kutega dumu lake chini ya mpira; na mzee mmoja, pasipo kupaza sauti, akamwambia kwa Kisomali, "Adeer, edeb laawe ha noqon," yaani asiwe mtu aliyekosa adabu, naye kijana, aliyeitwa "adeer", jina lile lile la ami analomwitia mzee, akamshika punda hatamu akaanza kumrudisha nyuma. Ndipo mgeni mmoja akaona naye atie lake, akasema, "Mshenzi huyu!" Kijana akasimama, akaiachilia hatamu, akamkabili, ikabidi watu wamshike mikono.

Tangu hapo sijatulia. Laumu za watu wa huku hutaja upungufu: aliyekosa edeb, aliyekosa xishood, ambayo ndiyo haya, nao Wagarre, wenye kutumia Kisomali na Kiborana, humtaja asiyejua saffuu, ile staha ya mipaka baina ya mkubwa na mdogo, baina ya kiumbe na Muumba wake. Kiswahili nacho kinayo njia hiyo: hana haya, mtovu wa adabu. Aliyepungukiwa aweza kujaziwa, hata jioni ile ile. Lakini "mshenzi", neno ambalo waungwana wa pwani walimbandika mtu wa bara (na wasomaji wangu wa Lamu wataniwia radhi), halina habari na alilotenda mtu. Lamhukumu kwa alikotoka.

Atatokea wa kuniambia kwamba Wasomali nao wana matusi ya kuvunja mifupa. Wanayo, wala sikatai, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunao masafihi na mabaradhuli wetu. Ila Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ilipotangaza Aprili 2022 maneno ya chuki ya kuepukwa kabla ya uchaguzi, yakiwamo "madoadoa" na "wakuja" wanayobandikwa waliotoka kwingine, ilikuwa ikiyakataza maneno ya jamii hiyo hiyo ya "mshenzi", yasiyouliza mtu amefanya nini.

Na ashikiliaye kwamba mkaidi hasikii lugha ya wazee, basi anionyeshe mkaidi mmoja aliyetubia kwa kuitwa mshenzi.