Usiifute Folda, Iulize Mashine

Toa mkono kwenye kibodi kwanza. Najua ulichotaka kufanya: kuifuta folda yote ya .ssh uanze upya. Mwenzako ameingia kwenye seva ileile, kwa kompyuta hiyohiyo, ila kwa akaunti yake. Wewe umekataliwa mara ya tano. Furahi! Mtandao upo, seva iko hai, na huenda tatizo limejibanza kwako: ama kwenye ufunguo, ama kwenye faili lako la ~/.ssh/config.

Liweke faili pembeni bila kuligusa. Andika ssh -F /dev/null, kisha jina la mtumiaji, alama ya @ na anwani kamili ya seva. Ukipita, mshitakiwa umemkamata: ni faili hilo.

Sasa mhoji. Amri ya ssh -G ikifuatwa na jina la seva haiunganishi popote. Inakutolea mipangilio yote kama itakavyotumika. Siku moja nilipoteza mchana mzima nikiapa kwamba nimeandika User sahihi, na kweli nilikuwa nimeandika. Lakini -G ikanionyesha jina jingine kabisa. Kisa? Kipande cha Host *, kinachogusa kila seva, nilikiweka juu kabisa, nacho kilikuwa na User yake. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Humu kutangulia ndiko kufika. SSH huanza na ulichoandika kwenye amri, ikaja kwenye faili lako, ikamalizia na /etc/ssh/ssh_config, na kwa mipangilio mingi thamani ya kwanza kuonekana ndiyo inayoshika. Nilikishusha Host * chini, nikaingia. Mchana mzima kwa mistari miwili!

SSH ikilalamikia ruhusa za faili hilo, chmod 600 inatosha. Ile 777 ya kubahatisha iache, maana SSH hulikataa faili ambalo wengine wanaweza kuliandika. Wala si roho mbaya: Tatu Ylönen aliiandika SSH mwaka 1995 huko Ufini, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake.

Bado imegoma? Ongeza -v, hata mara tatu, usome ni ufunguo upi unaopelekwa. Maandishi yatamwagika kama mvua ya masika. Usiyakimbie, jibu limo humo.

Haya, fungua terminali. ssh -G, jina la seva, bonyeza Enter. Mstari wa user unasemaje?