Bolti Iliyokatika Kitonga

Lori lilikuwa limepakia mbao za Mafinga, nyingine juu ya lori lenyewe na nyingine kwenye tela, na lilianza kuteremka mlima wa Kitonga mchana kweupe kwa gia nzito. Dereva hakuwa mgeni wa njia ile. Hakukimbia, hakulewa, wala hakujaribu kulipita gari jingine. Katikati ya mteremko alikanyaga breki kabla ya kona, akasikia mlio mmoja mkavu chini ya tela, kisha usukani ukawa mzito. Kwenye kioo cha pembeni aliona tela limekaa mshazari. Ekseli ya kwanza kati ya zile mbili za nyuma ilikuwa imerudi nyuma upande wa kushoto, na matairi yake yakawa yanasuguana na yale yanayofuata. Moshi ulikuwa unafuka.

Alilielekeza gari kwenye ukuta wa mlima badala ya kuliachia upande wa bonde. Uamuzi ule ndio uliowaokoa. Tela lilipinduka, mbao zikatapakaa barabarani, utingo akavunjika mfupa wa bega, na mabasi na malori yakasimama pande zote mbili hadi usiku.

Waliosimama pale walisema yale yanayosemwa kila gari linapoanguka Kitonga: barabara ni nyembamba, kona ni kali, mlima una mambo yake. Fundi aliyepanda kutoka Ruaha Mbuyuni kuja kulinasua tela hakubishana nao. Aliingia chini, akatoka na kipande cha bolti mkononi, akamwonyesha dereva pale ilipokatikia. Sehemu kubwa ya uso wa mkato ilikuwa nyeusi na yenye kutu. Ukingo mdogo tu ndio uliong'aa. Maana yake ni kwamba bolti ile ilipata ufa siku nyingi kabla ya safari, maji na hewa vikaingia humo, ufa ukaendelea kula chuma kidogo kidogo, na Kitonga ikamalizia kilichobaki.

Bolti hiyo mafundi huiita senta bolti. Springi ya tela ni vipande vya chuma bapa, yaani majani, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini, na senta bolti hupita katikati kuvishika pamoja. Kichwa chake hukaa ndani ya tundu la kitako cha springi kwenye ekseli, ili springi isiteleze mbele wala nyuma. Lakini senta bolti haikutengenezwa kubeba nguvu zote za breki na mashimo. Kazi hiyo ni ya yubolti, zile nondo zilizopindwa zinazofunga springi na ekseli kwa nguvu nyingi kiasi kwamba hakuna kinachoweza kusogea. Yubolti zikilegea, kila breki na kila tuta humalizia nguvu zake kwenye senta bolti. Pia huanza kuipinda springi katikati, mahali ambapo kila jani limetobolewa na hivyo ni dhaifu zaidi. Ukiona springi imevunjika katikati kabisa, shuku yubolti kwanza.

Kwa nini basi zililegea? Wiki kadhaa nyuma jani kuu la springi ile lilipasuka. Fundi wa gereji aliombwa alichomelee, akakataa, na alifanya vyema. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa kiasi. Moto wa kuchomelea huuharibu mpangilio huo, na jani lililochomelewa hukatika tena pembeni mwa kovu lake, mara nyingi likiwa na mzigo. Akaweka jani jingine. Ila akarudisha yubolti zilezile za zamani, ambazo nyuzi zake zilikwishavutika, akazikaza tela likiwa tupu, akawaaga. Hakuna aliyezikaza tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Majani yakifungwa upya hujikalia yakipata uzito, rangi na kutu vilivyobanwa kati yake husagika, na ule mkazo wa mwanzo hupungua. Kila fundi wa springi analijua hili, na kila mwenye haraka hulisahau.

Baada ya hapo tela lilisema wazi, tena mara nyingi. Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba lilisikiwa.

Fundi matairi wa Makambako aliona tairi la ekseli ile limelika upande mmoja. Akalihamishia upande wa pili, kwa kuwa kazi aliyopewa ni tairi. Ekseli ikikaa mshazari hata kwa milimita chache, matairi yake hukokotwa kidogo upande kila kilomita, na mpira ndio unaolipa. Kwenye mizani, uzito wa ekseli zile mbili ulikuwa chini ya tani 18 zinazoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki, na lori likapita. Dereva akapokea karatasi ile kama cheti cha uzima wa gari. Mizani hupima mzigo tu, haiingii chini ya tela kutazama nati.

Utingo ndiye aliyeona zaidi ya wote. Alikuwa akiosha tela Mafinga alipoona vumbi jekundu limechora mistari chini ya nati za yubolti, na kando ya kitako cha springi chuma kimesuguliwa hadi kung'aa. Akasema, "Mzee, hizi nati zinatoa kutu kama zinacheza." Dereva alitazama, akampigia simu mwenye gari: "Tajiri, springi ya kushoto haijakaa sawa, tungepita kwa fundi." Akajibiwa ashushe mzigo kwanza, wataangalia akirudi. Mwenye gari hakuwa mtu katili. Alikuwa na deni la benki na mteja anayesubiri mbao Dar es Salaam, na neno "haijakaa sawa" halikumwambia kwamba kuna watu wanaoweza kufa.

Vumbi jekundu kwenye kiungo kilichokazwa ni chuma kinachosagana na chuma. Kiungo kilichokaa imara hakitoi vumbi.

Nawasihi pia wanaopuliza oili chafu kwenye springi waache desturi hiyo. Springi huonekana nyeusi na nzuri, kelele zinapungua, lakini oili hunasa mchanga unaosaga majani, hulainisha mipira ya bushi hadi ikavimba, na huufunika ufa ambao jicho lingeuona. Kagua springi ikiwa kavu, umeisugua kwa brashi ya waya, na tochi mkononi. Tazama uso wa juu wa kila jani pale unapoonekana, kwa sababu huko ndiko chuma kinakovutwa na mzigo na ndiko ufa huanzia. Tingisha bushi na pini kwa nondo. Simamisha gari mahali tambarare ulinganishe urefu wa kushoto na wa kulia. Kisha chukua futi kamba, upime kutoka sehemu moja ya katikati mbele ya tela hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo viwili visipolingana, ekseli imehama, hata kama macho yanasema iko sawa.

Kwa yubolti mpya, zikaze kwa mtindo wa msalaba, ukizunguka kidogo kidogo, kwa spana inayopima nguvu ikiwezekana. Halafu chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na bolti. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na hapo hata anayeanza kazi leo ataiona.

Utingo wa lori lile amepona bega na amerudi barabarani na gari la mtu mwingine. Huingia chini ya tela Ilula, kabla ya mteremko, bila kutumwa na bila kulipwa chochote kwa kazi hiyo. Wenye malori, uwekeni ukaguzi huo kwenye ratiba ya safari na ulipieni. Na akitoka huko chini akasema nati inatoa kutu, gari lisiondoke.